Bolti au skrubu? Muulize mteja kabla hujafunga mzigo

Mteja akikuandikia "nataka skrubu namba kumi, bei gani?" usikimbilie kutaja bei. Bado hujajua anataka nini. Anaweza kuwa anataka skrubu ya mbao, ambayo namba kumi yake ina unene wa karibu milimita 4.8. Anaweza kuwa anataka bolti ya M10, yenye unene wa milimita 10. Au ni fundi wa pikipiki aliyezoea kuita bolti kwa namba ya spana, na huyo namba kumi yake ni M6. Vitu vitatu tofauti kabisa, jina moja, na vyote viko kwenye rafu yako.

Ukiwa na duka la barabarani hii siyo shida kubwa. Mteja anakuja na bolti yake ya zamani mfukoni, imejaa grisi, anajaribu nati palepale, ikiingia analipa. Sisi wa mtandaoni hatuna hiyo bahati. Unafunga mzigo, unaupeleka stendi, basi linaondoka usiku, kesho mchana mteja anakupigia: "Kaka, hizi haziingii." Hapo nauli ya kurudisha nani analipa? Faida ya bolti ishirini haitoshi hata kulipia kifurushi kimoja kurudi. Na mteja aliyesimamisha mashine yake siku mbili kwa ajili yako, huyo hata ukimrudishia hela hakurudii.

Kwa hiyo leo tuongee bolti na skrubu, taratibu. Hata kama wewe unauza stendi za TV au vitanda vya watoto, soma tu, maana humo ndani ya boksi kuna pakiti ya vyuma ambayo mteja atakuuliza.

Kwa wanaoandika vipimo vya viwandani, tofauti inaanzia kwenye kitu unachozungusha. Bolti imetengenezwa ipite kwenye matundu ya vitu viwili au zaidi, itokee upande wa pili, na ikazwe kwa kuzungusha nati. Skrubu inaingia ndani ya kitu chenyewe, na inakazwa kwa kuzungusha kichwa chake. Basi. Siyo ukubwa, siyo kichwa cha pembe sita, siyo bisibisi wala spana. Hili jambo linaonekana dogo lakini idara ya forodha ya Marekani ilitoa kijitabu kizima mwaka 2012 kueleza namna ya kutofautisha bolti na skrubu, kwa sababu kule ushuru wake haulingani. Watu wazima na suti zao wanabishana kuhusu nati!

Sasa ukiifuata hiyo kanuni mpaka mwisho utaona mambo ya ajabu. Bolti za kufunga silinda hedi ya gari hazina nati, zinaingia kwenye matundu yaliyokatwa meno ndani ya bloku na unazikaza kichwani. Kwa kanuni hiyo ni skrubu. Nenda gereji ukamwambie fundi "nipe skrubu za silinda hedi" uone atakavyokutazama. Kwa hiyo mimi dukani natumia kanuni nyingine, ya sokoni, ambayo haijawahi kuniangusha. Naangalia ncha. Kama ncha ni kali au imechongwa kama kichwa cha drili, na meno yake yanajikatia njia yenyewe kwenye mbao, bati au fisha, hiyo ni skrubu. Kama ncha ni butu na meno yake lazima yakute meno mengine tayari, iwe ni ya nati au ya tundu lililokatwa meno, hiyo naiita bolti, hata kama ni ndogo ya bisibisi ya nyota. Kamusi inaiita skrubu "parafujo", neno la Kireno hilo, lakini sijawahi kupata oda ya parafujo hata siku moja.

Kuna mbili zinazochanganya watu zaidi. Ya kwanza ni ile yenye kichwa cha spana cha pembe sita, mwili mnene, lakini mbele ina ncha kali na meno mapana ya mbao. Mafundi wa paa na wa mageti ya mbao wanaipenda. Ukiangalia kichwa unasema bolti, ukiangalia ncha ni skrubu. Hata Wamarekani wenyewe wanaiita bolti, kwa hiyo usijilaumu. Ukiipiga picha ya kichwa tu ukaiweka kwenye ukurasa wako umejitafutia ugomvi. Ya pili ni bolti ya kichwa cha mviringo kama uyoga, laini, haina pa kushika spana wala bisibisi, na chini ya kichwa kuna shingo ya mraba. Hiyo mteja akiiona kwenye picha anauliza "sasa nakazaje?" Ile shingo ya mraba inajikita kwenye mbao isizunguke, wewe unakaza nati upande wa pili. Hiyo ndiyo bolti kamili, hata kanuni ya vitabuni inakubali.

Sasa kwa nini niseme jambo hili lina uzito? Kuna dada mmoja ana kituo cha kulelea watoto. Alinitumia ujumbe: "Kaka, zile skrubu nyeusi za inchi tatu unazo? Nitumie pakiti mbili, fundi anafunga bembea." Pakiti mbili ni mauzo mazuri, na mzigo ulikuwa upo. Nikamuuliza, "Dada, bembea ya kuning'inia?" Akasema ndiyo, ya watoto wawili, inafungwa kwenye boriti ya mbao kwa vipande vya chuma.

Zile skrubu nyeusi ni za jipsamu. Zimetengenezwa kushika ubao wa jipsamu kwenye fremu, basi. Chuma chake kimefanywa kigumu ili ncha iingie haraka na drili, na ugumu huo ndio unaoifanya iwe kama biskuti ukiipinda. Msumari ukiuelemea unapinda kwanza, unakupa taarifa. Skrubu ya jipsamu inakatika kichwa bila kuaga. Bembea inaenda na kurudi, inavuta huku, inavuta kule, kutwa nzima, na aliyekalia ni mtoto wa mtu.

Nikamwambia, "Dada, hizo sikuuzii kwa kazi hiyo. Niitie fundi." Fundi akaja na mkwara kidogo, kwamba yeye amefunga nazo vitu vingi. Sikubishana naye. Nikamuomba anipimie unene wa boriti. Akasema milimita 95. Kipande cha chuma cha kushikia mnyororo milimita 5. Nikamwambia tupige hesabu pamoja: 95 na 5 ni 100, weka washa mbili za milimita 2 kila moja, inakuwa 104. Nati ile yenye plastiki ndani, ambayo hailegei kwa mtikisiko, kwa M10 ina kimo cha milimita 10, tumefika 114. Meno yatokeze kidogo nje ya nati, tuseme milimita 3. Inakuwa 117. Bolti ya karibu inayouzwa ni 120. Kwa hiyo M10 kwa 120, gredi 8.8, na nati zake na washa pande zote mbili. Zilitoka bolti nane. Nilipata hela kidogo kuliko ya pakiti mbili za skrubu, ndiyo. Ila nilikuwa nimeuza kitu kinachojulikana kimeshika nini.

Hiyo hesabu ijifunze, maana ndiyo inayokutofautisha na muuzaji anayerusha picha tu. Mteja wengi hawajui urefu wanaotaka, wanajua unene wa kitu wanachofunga. Wewe ndiye unayejumlisha.

Hapo hapo kwenye urefu kuna mtego. Bolti ya kichwa cha pembe sita inapimwa kuanzia chini ya kichwa mpaka mwisho wa ncha, kichwa hakihesabiwi. Lakini skrubu ya kichwa cha kuzama, ile inayolingana na uso wa mbao ukimaliza kukaza, inapimwa yote pamoja na kichwa. Sababu yake inaeleweka, unapima kile kinachoingia ndani. Wapo wenzetu wanaopiga picha bolti kwenye rula kuanzia juu ya kichwa, halafu mteja anapokea anasema amepunjwa milimita saba.

Tuje kwenye namba, maana huku ndiko pesa inakopotea.

Mafundi wetu wengi wanaita bolti kwa spana. "Nipe namba 13" maana yake bolti inayofungwa na spana ya 13. Kwa bolti za kawaida za dukani hiyo ni M8. Spana ya 10 ni M6, ya 17 ni M10, ya 19 ni M12, ya 24 ni M16. Ukiyajua haya matano umemaliza wateja wengi. Lakini usilale. Kuna bolti za M10 zenye kichwa cha 16 na M12 zenye kichwa cha 18, kwa sababu kipimo cha zamani cha Wajerumani na kipimo kipya cha kimataifa havikukubaliana kwenye vichwa. Mzigo mmoja unaweza kuja hivi, unaofuata ukaja vile, na bolti ni ile ile.

Halafu kuna gari za Mjapani, ambazo ndizo tunazo barabarani. Mjapani anapenda vichwa vidogo. M8 yake mara nyingi inafungwa na spana ya 12, M10 na spana ya 14, na M12 na spana ya 17. Umeona hatari? Fundi wa Toyota akisema "bolti namba 17" anaweza kuwa na maana ya M12. Fundi wa kuchomelea mageti akisema "bolti namba 17" ana maana ya M10. Wote wako sahihi. Asiye sahihi ni muuzaji atakayefunga mzigo bila kuuliza inaenda kwenye kitu gani.

Na bado meno. Bolti mbili za M10 zinaweza kuwa na unene mmoja na zisiingie nati moja. Ya kawaida ya dukani meno yake yako umbali wa milimita 1.5 kutoka jino hadi jino. Za gari za Kijapani nyingi ni 1.25, meno yamekaribiana zaidi. Nati ya 1.5 ukiilazimisha kwenye bolti ya 1.25 itaingia mzunguko mmoja au miwili, itakaza, fundi atadhani ni kutu, ataongeza nguvu, na meno yataliwa. Nati za matairi ndiyo usiseme. Toyota nyingi ndogo ni M12 kwa 1.5, Nissan nyingi ni M12 kwa 1.25. Kwa macho zinafanana kama mapacha, na hizo ndizo zinazoshika tairi. Ukiuza nati za matairi mtandaoni bila kuandika hiyo namba ya pili, acha tu.

Huna haja ya kifaa cha bei kubwa kupima meno. Chukua rula, hesabu nafasi kumi kati ya jino na jino, soma umepata milimita ngapi. Ukipata 15 ni 1.5. Ukipata 12 na nusu ni 1.25. Mteja naye mwambie afanye hivyo hivyo huko aliko, atume picha. Kwa unene, ile venia ya kupimia inasaidia sana, ila kumbuka M10 ukiipima juu ya meno utapata kama 9.8 hivi. Usimwambie mteja ni M9.

Za inchi nazo zipo. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, yaani karibu kabisa na M8, lakini meno yake ni 18 kwa inchi moja, ambayo ni milimita 1.41. Mteja wa mashine za kusaga za zamani, zile za injini za Lister za Uingereza, mara nyingi anatafuta za namna hii. Mwingereza Joseph Whitworth ndiye aliyependekeza meno ya kipimo kimoja mwaka 1841, kabla ya hapo kila karakana ilikata meno inavyotaka, bolti ya huku haikuingia nati ya kule. Meno yake yana pembe ya nyuzi 55, haya ya milimita tunayouza leo yana 60. Na spana zake zina maajabu yake: namba iliyoandikwa ni ya unene wa bolti, siyo upana wa kichwa. Kwa hiyo mteja akitaja namba za sehemu kama hizo, omba sampuli itumwe au usiuze kabisa. Mimi siuzi kabisa bila sampuli, na hakuna aliyewahi kukasirika.

Namba za skrubu ni ulimwengu mwingine. Namba 6 ni milimita 3.5, namba 8 ni 4.2, namba 10 ni 4.8, na namba 12 ni 5.5. Mtu akisema "skrubu nane" usimpe kitu cha milimita nane. Siku hizi pakiti nyingi zinaandikwa kwa milimita moja kwa moja, mfano 4 kwa 40, na mimi nashauri uandike hivyo hata kama pakiti ina namba za zamani.

Kwa wanaoagiza China: kwa Kichina cha kila siku neno "luosi" linabeba bolti na skrubu zote, kwa hiyo tafsiri ya simu itakuletea neno moja kwa kila kitu. Usiamini jina la bidhaa, tazama mchoro wenye vipimo. Bolti wakiandika rasmi ni "luoshuan", nati ni "luomu". Omba picha ya ncha, picha ya kichwa kwa juu, na namba tatu: unene, meno, urefu. Muuzaji asiyeweza kukupa hizo tatu hajui anachouza, au anajua sana.

Kichwani mwa bolti ya chuma kigumu kuna namba kama 8.8 au 10.9. Namba ya kwanza ukiizidisha mara 100 unapata nguvu ya kuvutwa mpaka ikatike, kwa megapaskali, kwa hiyo 8.8 ni 800. Ya pili inasema itaanza kunyooka moja kwa moja ikifika asilimia 80 ya hiyo. Bolti isiyo na namba usiiuze kama 8.8 hata kama inang'aa. Kung'aa ni zinki tu. Na kwa wateja wa Pwani, Zanzibar, Tanga, Mombasa, hiyo zinki chumvi inaimaliza mapema, hasa kwenye boti. Kule uza chuma cha pua, na kwa kitu kinachogusa maji ya bahari tafuta kilichoandikwa A4. A2 ni kizuri jikoni, baharini kinatoa madoa ya kutu.

Wa stendi za TV sijawasahau. Ndani ya pakiti yenu kuna aina mbili: skrubu ndefu za ncha kali zinazoingia kwenye fisha ukutani, na bolti fupi za ncha butu, M4, M6 na M8, zinazoingia nyuma ya TV. Mteja anayejifungia mwenyewe akichukua skrubu ya ukutani akaisukuma nyuma ya TV, kioo kinapasuka na wewe ndiye utakayetukanwa. Kata vipande viwili vya karatasi, andika UKUTA na TV, gawa pakiti. Dakika moja.

Kwenye ukurasa wangu tangazo la bolti linasomeka hivi, mnaweza kuliiga: "Bolti M10 kwa 120, meno 1.5, meno nusu, spana 17, gredi 8.8, zinki. Bei ni kwa moja pamoja na nati na washa mbili. Niambie unafunga nini kabla hujalipa." Hiyo "meno nusu" maana yake meno hayajafika kichwani, sehemu ya juu ni laini. Zenye meno mwili mzima ni "meno yote". Kwa kazi kama ya bembea, sehemu laini ndiyo inayokaa ndani ya mbao, na nusu zinafaa zaidi. Kwa tundu fupi lililokatwa meno, meno yote.

Ukiwa na bolti usiyoijua weka picha yake hapa, pembeni iwe na rula, ncha ionekane. Nikifunga duka saa mbili usiku nitapita kujibu. Wiki ijayo ni nati na washa za springi.